Kwa Nini Chumvi ya Kumunyu Hulia Mlangoni

Zama zile watu wa Kumunyu walipokuwa wakipika chumvi kwa kujificha, hakuna aliyejua jirani yake anatia kuni gani jikoni. Chemchemi ya maji ya chumvi ilikuwa moja, katikati ya bonde la matete, na kila nyumba iliruhusiwa kuchota. Lakini maji yakishafika nyumbani yaliingizwa katika kibanda kisicho na dirisha, mlango ukavutwa, na kuanzia hapo jirani aliona moshi tu ukipenya kwenye nyasi za paa. Binti alifundishwa na mamaye kwa kunong'onezwa. Akiolewa nyumba nyingine, aliapishwa upya. Ilisemekana kwamba siku siri ya jiko itakapotamkwa mbele ya watu, mwenye chemchemi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, atayanywa maji yote kwa mkupuo mmoja na kulala.

Na bila chumvi Kumunyu isingekuwapo. Udongo wa bonde lile haukuotesha mtama wala maharage. Majembe, nguo na nafaka vililetwa na wachukuzi, waliofika kwa misafara na kuondoka na mizigo ya chumvi. Msafara ukipita njia nyingine, watu walilala na njaa.

Ndiyo maana kulikuwa na sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyotisha. Nyumba ikitoa chumvi yenye uchungu, kosa halikutafutwa kwenye maji wala kwenye kuni. Lilitafutwa kwa mwanamke mzee kuliko wote wa nyumba hiyo. Alivushwa mto Lukoma kwa mtumbwi, akaachwa ng'ambo kwenye pori la fisi, na kibuyu cha maji mkononi. Kalekwa alikuwa mtoto alipomwona Bibi Nsiya akivushwa. Alikumbuka kwamba bibi yule hakulia. Alikumbuka kwamba fisi walicheka mchana, jua likiwa utosini, na kwamba waliomvusha walirudi wakizungumza habari za mvua.

Kalekwa alikua, akawa mtu wa kukagua. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma aone kama umefungika. Akionja chumvi, aliionja kwa ncha ya ulimi, kisha kwa pembeni, kisha alingoja. Aliishi na mama yake tu, Ngolo, ambaye moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwacha na macho mekundu kama pilipili iliyoiva. Macho mekundu! Kila mtu Kumunyu alijua watu husema nini juu ya bikizee mwenye macho mekundu.

Asubuhi moja Kalekwa alionja chumvi iliyotoka kukauka, akangoja, na nyuma ya ulimi ukaja uchungu wa shubiri. Akasukutua. Akaonja tena. Uchungu ukaja upesi zaidi, kana kwamba ulikuwa ukimsubiri.

Hakumwambia mtu. Alisugua vyungu kwa mchanga, akabadili kuni, akachota maji upande wa pili wa chemchemi, lakini uchungu ulibaki. Akachanganya chumvi ile na ya zamani iliyokuwa imebaki ghalani, akafunga mizigo, akaikabidhi kwa wachukuzi. Njiani watu walimsalimu naye akaitikia, na kila aliyemsalimu alionekana kumtazama kidogo kupita kawaida. Aligundua pia jambo jingine, ingawa hakuling'amua maana yake: siku hizo hakuna jirani aliyekuja kuomba chumvi ya kuungia mboga, na hakuna aliyetoa.

Kisha msafara ukarudi na baadhi ya mizigo ikiwa vilevile ilivyoondoka. Kiongozi wa wachukuzi, mtu mrefu aitwaye Magesa, aliitua mbele ya Mzee Ntahondi, mlinzi wa chemchemi. "Mzee, huko tulikokwenda wanasema tumewapelekea dawa ya tumbo," alisema. "Safari ijayo nikirudishiwa tena, sisi tutafuata njia ya kusini. Miguu yangu si ya kutembezea mzigo usiolika."

Mizigo ilifungwa kwa majani ya namna moja, kwa hiyo hakuna aliyejua mzigo upi umetoka nyumba gani. Ntahondi akatangaza kwamba kabla msafara haujaondoka atapita nyumba hadi nyumba, aonje mwenyewe. Mtumbwi ukatolewa majini na kuzibwa matundu. Kalekwa alisikia nyundo ikigonga mbao kule mtoni, na kila pigo aliliona likitua kifuani mwake.

Mama yake alikuwa akisuka kamba. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, siku wakija, usinishike nguo. Ukinishika watakuchukua na wewe."

"Mama, wewe umejuaje?"

"Ulimi ninao. Macho tu ndiyo mabovu."

Kalekwa alitoka nje, akaketi nyuma ya kibanda. Alijiuliza ni kipi alichokuwa hajakijaribu. Maji, kuni, vyungu, mikono yake mwenyewe, vyote alikuwa amevijaribu. Kilichobaki ni kimoja, nacho ni kile alichokatazwa tangu kuzaliwa. Alikuwa hajauliza.

Asubuhi iliyofuata, watu walipokuwa wakielekea chemchemini, walimkuta Kalekwa ameketi pale njia zote zinapokutana. Mbele yake, juu ya mafiga, kulikuwa na chungu cha chumvi, kimefunuliwa. Aliyarudia maneno yake moyoni mara nyingi, lakini yalipotoka yalitoka membamba.

"Chumvi yetu ina uchungu. Sijui kwa nini. Aliyeona chochote, hata kidogo, aniambie."

Mama mmoja, Kabula, mke wa nyumba ya jirani, alitupa kata yake chini na kukimbia. Wengine walitazama upande wa chemchemi, wakingoja kusikia maji yakinywewa. Maji yalikuwa yakibubujika kama jana. Hilo lilimwogopesha Kalekwa zaidi, maana alidhani mwenye maji anavuta pumzi tu.

Kisha mchukuzi mmoja akacheka. "Bibi wee, dawa yako rahisi! Tafuta mume mwenye mafua, atakula na kusifu!"

Kicheko kile kiliwafungua watu midomo. Mmoja alisema azike jogoo mweusi. Mwingine alisema ni kosa la mwezi. Wa tatu alisema apike huku amenyamaza, na mkewe akamwambia, "Wewe ungekufa kabla maji hayajachemka." Kalekwa aliwasikiliza wote. Hakucheka, hakubisha. Kila aliyesema, Kalekwa alimuuliza swali lile lile: "Uliona kwa macho yako, au ulisikia?" Na waliosikia tu waliona haya, wakarudi nyuma, wakawapisha wengine.

Njile, mchunga mbuzi, ndiye aliyesema kwanza jambo la kuonwa. Mbuzi wake walilamba udongo wa bonde zima kwa ajili ya chumvi, isipokuwa mahali pamoja. "Pale palipokuwa na majiko ya zamani, kwenye mahame. Hawagusi. Siku moja nikaonja mwenyewe." Alikunja uso. "Uchungu wake ni huu huu wa chungu chako."

"Una maana mama zetu walimwaga sumu chini?" aliuliza mtu.

"Mimi nachunga mbuzi, sichungi mama zenu."

Mbuke mfinyanzi, ambaye vyungu vya Kumunyu nzima vilitoka mikononi mwake, alichukia. Alidhani wanamlaumu. "Msinitazame mimi! Vyungu vyangu vya sasa havina hata ufa. Vile vya zamani ndivyo vilivyokuwa vikivuja, mkanitukana kutwa kwamba vinawazimia moto. Nikaacha udongo wa kichanga wa mtoni, nikapanda mlimani kutafuta udongo mzuri. Sasa tone halitoki. Kuna aliyenishukuru?"

Kalekwa aliinua uso. "Vilikuwa vikivuja lini, dada? Mwanzo wa kupika, au mwisho?"

Mbuke alifikiri. "Mwisho. Chumvi ikishashika."

Magesa alikuwa amesimama na mzigo begani, akisikiliza. Polepole akautua. Alisimulia kwamba msimu uliopita walinyeshewa kivukoni. Mizigo yake ilichuruzika njia nzima, akahuzunika akijua inapungua. "Tone liliniangukia kwenye shavu la mguu hata ngozi ikawasha. Lakini nilipofika, mnunuzi akaonja, akasema hajawahi kula chumvi tamu kama ile. Nikadhani ananicheka."

Kalekwa alihisi vipande vile vitatu vikisogeleana kichwani mwake, na aliogopa kuvigusa visije vikatawanyika. Mbuzi, chungu, mzigo. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa na jibu. Kila mmoja alikuwa amebeba pembe yake ya jibu, akiishi nayo bila kujua ni pembe ya kitu gani.

"Uchungu haumo ndani ya chumvi," alisema, akijisikia mwenyewe kwa mshangao. "Umo kwenye yale maji ya mwisho. Zamani yalivuja, yakaenda zake. Sasa tunayakausha humo humo."

Hakupata nafasi ya kusema zaidi, kwani njuga za mlinzi zilisikika, na watu wakaachana kama maji mbele ya mtumbwi. Mzee Ntahondi alikuwa anakuja, na nyuma yake vijana wenye makasia. Kabula alikuwa hayupo. Kalekwa alijua sasa alikokuwa amekimbilia. Na kutoka upande wa nyumbani alimwona mama yake akija pia, peke yake, amevaa nguo yake nzuri.

"Nani ameufungua mdomo wa chemchemi?" aliuliza Ntahondi.

"Mimi, mzee."

"Na chumvi hii ya nyumba gani?"

Ngolo akajibu kabla ya binti yake. "Ni yangu. Twende, mzee. Jua lisije likatuchoma mtoni."

Kijana mmoja alimshika bikizee mkono. Kalekwa aliyekuwa ameambiwa asishike nguo, alishika nguo. Alishika kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa nyembamba tena. "Ngojeni hadi kivuli kigeuke! Kivuli kikigeuka na mimi nimesema uongo, tuvusheni sote."

Ntahondi alitazama umati. Watu hawakuondoka. Hilo lilikuwa jipya kwake, na huenda naye aliogopa. Akaketi juu ya jiwe.

Mtu alileta kung'uto la kuchujia pombe, refu, lililochongoka chini. Kalekwa akaitia chumvi ndani, akailowesha kwa maji ya chemchemi aliyopewa na mchotaji, akalitundika kwenye fito. Halafu wote wakatazama ncha ya kung'uto. Hakikutoka kitu. Ngolo alifumba macho yake mekundu. Kasia moja lilikwaruza chini, na Kalekwa akaruka.

Tone likaanguka. La pili likaja, zito, rangi ya chai ya majani makavu. Mbuzi wa Njile alisogea, akanusa pale lilipoangukia, akapiga chafya na kwenda zake.

Matone yalipokuwa yakianguka, Kabula alirejea. Hakumtazama mtu usoni. Alikuwa na kitu chini ya khanga yake, akakifunua, akakiweka kando ya chungu cha Kalekwa. "Na yangu," alisema. "Tangu wakati wa kupalilia." Akaanza kulia. Kisha bikizee mmoja akaenda kwake akarudi na chungu. Kisha nyumba ya tatu. Vyungu vikajipanga kando ya njia, vya watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mwisho alikuja mke wa Ntahondi, anatembea polepole, na chungu kichwani.

Mzee alikitazama chungu cha nyumba yake kwa muda mrefu.

"Sasa tutavukaje, mzee?" Ngolo aliuliza. "Bikizee ni wengi, na mtumbwi ni mmoja."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kivuli kilikuwa kimegeuka. Lazima aonje mtu, na wenyeji wote waliogopa, kwani ilisemekana anayelamba chumvi ya mchawi hakawii kufa. Magesa aliinuka. "Mimi si wa hapa," alisema. "Chemchemi yenu hainijui jina." Akachovya kidole, akaweka mdomoni, akafumba macho. Kalekwa alitazama koo lake. Alilitazama likipanda na kushuka.

"Nipe nyingine," alisema Magesa.

Basi kuanzia jioni ile hata leo, chumvi ya Kumunyu haikaushwi chunguni. Hutiwa ikiwa mbichi katika kung'uto refu na kutundikwa mlangoni, upande wa njia, ilie mpaka imalize, na hii ndiyo sababu hutoka na umbo la pembe. Haiuzwi mpaka mpita njia asiyejulikana aionje kwanza. Jambo likiharibika katika kazi, chungu huwekwa njia panda, na hata jibu la mlevi husikilizwa hadi mwisho. Mtumbwi ulivunjwa ukawa kuni. Ukiwauliza ni nani aliyeivumbua dawa ya uchungu, hawakutajii mtu.

Mbele ya kila nyumba, pale matone yanapoanguka, utaona duara la udongo mweupe ambalo jani haliotei. Bibi harusi mgeni huambiwa asilifagie. Linapaswa kuwa bichi siku zote. Likionekana limekauka, majirani huingia bila kungoja kukaribishwa, maana wanajua kwamba ndani kuna mtu anaogopa.