Biri ya Osmunda Ngonyani

Biri haihukumiwi kabla haijafika vidoleni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Kasian, anayetaka kuacha kazi ya useremala siku ya tatu tu, nanyi mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Septemba 1971, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, na ukungu mwepesi ulilala mabondeni. Hakuna jani lililotikisika. Mungu alikuwa ametuandalia siku ya kuonja moshi, ingawa sisi wa kijiji cha Likwambe hatukulijua hilo.

Osmunda Ngonyani alikuwa mkulima wa tumbaku, mwanamke mpole wa miaka hamsini hivi. Wengine wote tulipanda mbegu ya chama cha ushirika. Yeye peke yake alishika mbegu ya marehemu mama yake, yenye majani membamba, meusi. Mwaka ule alikuwa ameimwaga yote kitaluni, na miche ilikwisha kufikia urefu wa kidole. Kamati ya chama ikaamua ing'olewe, isije ikachanganyika na ile nyingine. Osmunda hakuwa na punje iliyobaki. Miche ile ikifa, mbegu ya mama yake ingetoweka duniani.

Aliomba jambo moja tu: kabla ya kung'oa, mtu anayejua aonje.

Mtu huyo alipatikana. Alikuwa Bwana Shekivuli wa Tanga, mzee mwembamba aliyeonja biri kiwandani miaka thelathini. Biri ni ile sigara nene ya majani matupu, isokotwayo kwa mkono, bila karatasi. Osmunda alisokota mbili kwa majani aliyoyatunza darini miaka mitatu, akazileta ofisi ya chama juu ya sahani, zimefunikwa kitambaa cheupe kama sakramenti.

Mwenyekiti wetu, Wigbert Komba, akawahi ya kwanza. Akaiwasha kwa kibiriti, akavuta mpaka kifuani kama avutavyo sigara zake za kila siku. Macho yalimtoka. Alikohoa hadi kofia ikaanguka.

"Dada Osmunda," akasema alipopata pumzi, "hii ni tumbaku au umetusokotea pilipili?"

Mzee Luambano, mnusa ugoro, akacheka. "Mwenyekiti, umeimeza! Hiyo si uji!"

Watu wakacheka wote, isipokuwa Osmunda.

Bwana Shekivuli akachukua ya pili. Aliibonyeza polepole karibu na sikio, akasikiliza. Akainusa kabla ya moto. Akakata ncha kwa kisu kidogo, akaomba kijiti kinachowaka kutoka jikoni, kwa maana alisema kibiriti huacha harufu yake. Akaizungusha juu ya moto bila haraka, kisha akavuta moshi kidogo, akaukalisha mdomoni, akauachia. Hakusema kitu.

Sasa, kwetu mgeni akionja pombe au ugali, husifu palepale. Akinyamaza, mwenyeji hujua amekataa. Tukamtazama.

"Umeusikia uchungu, Bwana Shekivuli?" Mwenyekiti akauliza.

"Nimeusikia. Ni mkali."

"Basi, yamekwisha. Vijana, chukueni majembe."

"Ndugu Mwenyekiti," mzee akasema bila kuitoa biri mkononi, "bado haijafika vidoleni."

Hatukumwelewa. Vijana wawili walikwisha kushika njia ya kitaluni. Osmunda hakuwakimbilia. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akafanya ishara ya msalaba, midomo yake ikawa inakwenda bila sauti.

Biri ikaungua. Ilipofika katikati, Mzee Luambano akainua pua.

"Nani anakaanga karanga?"

Hakuna aliyekuwa anakaanga karanga. Ulikuwa ni moshi ule. Wale vijana waliusikia wakiwa njiani, wakasimama, wakarudi na majembe begani. Jivu lilikuwa limetoka refu kama kidole cha mtu, jeupe, lililonyooka, wala halikuanguka. Bwana Shekivuli hakuharakisha. Tulisimama karibu saa nzima, na hakuna aliyeomba kiti.

Ilipobaki kipande kifupi, moto umekaribia vidole vyake, ndipo harufu ikageuka tena. Wanangu, sijui niiseme vipi. Ilikuwa asali ya msituni, na chini ya asali ilikuwa ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inapoupiga. Wanaume wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Nami nikamwambia Mungu moyoni: Bwana, haya yote ulikuwa umeyaficha ndani ya jani?

Bwana Shekivuli akaiweka biri chini, izime yenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimewiva.

"Mwanzo wake ni pilipili," akasema. "Katikati ni karanga. Mwisho wake sijapata kuuonja popote, na nimeonja miaka thelathini. Mama, nani alikupa mbegu hii?"

"Mama yangu," Osmunda akajibu, angali amepiga magoti.

"Mtu asiiguse."

 Wigbert Komba alikuwa mtu mkaidi, lakini alimcha Mungu. Akaenda akamshika Osmunda mkono, akamwinua. Kisha akatugeukia, akapaza sauti ili hata waliokuwa nje ya ua wasikie.

"Mimi Wigbert Komba, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Miche ya dada huyu nitaimwagilia maji kwa mikono yangu mpaka mvua zije. Na tangu leo, jani wala mtu sitamhukumu kwa moshi wa kwanza. Mnisikie na mnishuhudie: biri haihukumiwi kabla haijafika vidoleni."