Viatu Mlangoni kwa Bibi Nakijwa

Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee mtu unayejibizana naye kila siku lakini hujamwona muda mrefu.

Katika usharika mmoja wa milimani, upande wa Upare, alikuwako mchungaji aliyeitwa Eliamini. Alikuwa ametumika hapo miaka ishirini na sita. Usharika wake ulikuwa na jumuiya, yaani majirani waliokutana kila Alhamisi alfajiri kusali kabla ya kwenda shambani. Walikutana kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kikapu kilihama pamoja nao, ndani yake msalaba wa mbao, kitambaa cheupe na vitabu vya nyimbo. Kikapu kikiwa kwako, wageni wa Alhamisi ni wako. Hakiondoki mpaka waje, wasali, ndipo mwenye zamu inayofuata aondoke nacho.

Masika ya mwaka mmoja mto ulibeba daraja la miguu lililounganisha nyumba zao. Kuzunguka kulichukua saa nzima. Mchungaji akafungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya jumuiya hiyo. Kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu alituma sala, na kila nyumba iliitikia Amina. Katibu wa usharika, Zefania, akaandika mahudhurio kwa kuzifuata Amina hizo.

Ilionekana neema. Zamani jumuiya ikipata watu wanane ilikuwa habari. Kwenye simu wakawa kumi na tisa. Mvua zikakatika, daraja likatengenezwa, na hakuna aliyezungumza habari ya kurudi.

"Baba Mchungaji," Zefania alimtania, "zamani ulikuwa unawahesabu watu kwa viatu mlangoni. Siku hizi unawahesabu ukiwa ndani ya shuka."

Mchungaji alicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Habari zikamfikia mkuu wa jimbo. Akaandika barua kwamba kwenye mkutano wa wachungaji, Eliamini asimame aeleze alivyofanya, na alete picha ya msharika mmoja ambaye imani yake imetunzwa kwa njia hiyo. Eliamini alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Hakuwahi kusimamishwa mbele ya wenzake kwa sifa. Aliitamani siku ile.

Zefania alipekua daftari. Ambaye hakukosa hata mara moja alikuwa Bibi Nakijwa, mjane wa miaka themanini na mbili, nyumba ya mwisho juu kabisa. Magoti yake yalishakataa kushuka kanisani, na jumuiya ndiyo ilikuwa kanisa lake. Alhamisi tisa, Amina tisa, na mara nyingi yake ilizitangulia nyingine.

"Huyo huyo," alisema Mchungaji. Kisha akauliza kikapu cha jumuiya kiko wapi, maana ule msalaba ungependeza kwenye picha.

Zefania alifikiri. Akasema kiko kwa mmojawapo, hakumbuki nani.

Alhamisi iliyofuata Mchungaji alianza kupanda ukungu ukiwa bado umelalia migomba. Hakuwa amepita njia ile tangu masika. Miguu iliikumbuka kabla yake. Hapa penye jiwe ndipo walipokuwa wakingojana, na mchelewaji aliulizwa kama mto wake wa kulalia umepakwa gundi. Pale kwenye mfereji ndipo wimbo ulipoanza kusikika kutoka nyumba ya zamu, ukaujua wimbo kabla hujawajua waimbaji.

Alimkumbuka hayati Mzee Sekieti, aliyesinzia katika kila sala ndefu. Jirani akimgusa kwa kiwiko, alisema Amina ya kuamsha kuku. Hata ukiwa umefumba macho ulijua ni yake. Kila mtu alikuwa na yake. Nyingine ilikuja na kikohozi, nyingine ilichelewa makusudi ili isikike peke yake. Mchungaji alijaribu kukumbuka Amina ya Bibi Nakijwa ilikuwaje. Alipita kona mbili hajaikumbuka.

Alivikumbuka na viatu. Watu walivivua mlangoni, vimelowa umande. Kwa viatu alijua nani amekuja na nani hakuonekana, na asiyeonekana alipitiwa siku hiyo hiyo, kabla jua halijawa kali.

Alipofika kwenye ua wa majani ya masale uliozunguka nyumba ya Bibi alisimama, akatoa simu, akatuma sala ya siku ile. Alitaka amkute Bibi ameshika simu anaandika, iwe ndiyo picha. Kisha akapiga hodi.

"Karibu, mlango uko wazi."

Aliingia. Bibi Nakijwa hakuwa na simu mkononi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, mikono yote miwili imeshika chupa ya chai. Viti na vigoda vilikuwa vimepangwa kuzunguka chumba, kitabu cha nyimbo juu ya kila kimoja. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe na msalaba wa mbao. Kikapu kilikuwa chini ya meza, kitupu. Sufuria ya magimbi ilitoa mvuke pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba." Alichungulia nyuma ya bega lake. "Wenzako wanakuja?"

Kabla hajajibu, simu ililia. Mchungaji aliitazama. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa Bibi Nakijwa. Ulisema: Amina.

Aliangalia kioo cha simu, akaangalia ile mikono iliyoshika chupa. Akauliza polepole ni nani anayeandika kwa jina lake.

Bibi alisema yeye ana simu ya kitochi, cha kupiga na kupokea tu. Labda ni Foibe, binti yake aliyeko Dar es Salaam, maana katibu aliwahi kuomba namba yake. Ndivyo ilivyokuwa. Zefania aliiandika namba ya Foibe kwa jina la mama yake, hata kwenye simu ya Mchungaji, na Foibe akaitikia bila hila. Kila akisoma katika sala maneno "tuko pamoja nawe nyumbani kwako," aliamini majirani wameketi kwa mama yake.

Lakini Bibi naye alikuwa na lake la kuuliza. Aliweka chupa mezani kwanza.

"Baba Mchungaji, kila Alhamisi napanga viti. Zamu yangu haijapita, maana hamjaja. Wiki ya tatu nikajua nimetengwa."

Katika kanisa lao, aliyetengwa kwa kosa hapitiwi na jumuiya mpaka atubu. Wala haendi kuuliza kwa majirani. Foibe alipopiga simu kutaka kujua kama wamesali, Bibi, kwa aibu, alimjibu kwamba wamesali.

"Nimetafuta kosa langu, sijaliona," alisema. "Niambie, nitubu nikiwa bado na pumzi."

Mchungaji alitazama chini, akaona ameingia na viatu. Alivivua, akavipeleka mlangoni, akarudi akaketi kwenye kigoda kilicho karibu na Bibi.

"Hujatengwa, bibi. Aliyekosa ni mimi. Naomba unisamehe, tena naomba zamu yako tuianze."

Walisali wakiwa wawili. Sala ilipokwisha, Bibi aliitikia. Amina yake ilikuwa nyembamba, ikakatika katikati, ikavuta pumzi, ikamalizika. Mchungaji aliikumbuka palepale. Ilikuwa hivyo hivyo miaka yote.

Picha hakupiga.

Mchana aliandika kwenye kundi: "Zamu ni ya Bibi Nakijwa tangu wiki tisa zilizopita. Amekuwa akitupangia viti. Alhamisi tukaitikie kwa midomo yetu." Foibe alikuwa wa kwanza kusoma. Safari hii hakuandika Amina. Alimpigia mama yake, wakaongea mpaka salio likaisha.

Alhamisi iliyofuata majirani walipanda kwa Bibi. Wachache walichelewa, wakaulizwa habari za gundi. Foibe alikuwa jikoni, amekuja kutoka Dar. Viti havikutosha, wengine wakasimama. Baada ya sala Bibi Nakijwa alimwona Zefania akimenya gimbi la tatu, akamuuliza kama hilo nalo ataliandika kwenye daftari. Walipotawanyika, mwenye zamu inayofuata aliondoka na kikapu.

Siku ya mkutano ikafika. Mkuu wa jimbo alimwita Eliamini mbele ya wenzake, akamwomba aonyeshe matunda ya kundi lake. Eliamini alionyesha picha moja. Haikuwa na uso wa mtu. Ulikuwa mlango wa nyumba ya Bibi Nakijwa, na nje yake jozi ishirini na moja za viatu, vimelowa, vina matope.

"Hawa ndio waliohudhuria," alisema, akarudi kuketi.

Funzo: Kuitikiwa kwenye simu si kukutana. Kabla hujaridhika na jibu la mwenzako, nenda ukaangalie kama bado amekuwekea kiti.