Kidonge cha Bi Utitiri

"Niwape ngano?"
"Tupe!"
"Tamu au chungu?"
"Chungu, ipakwe samli!"

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Mama Kanga alishindwa kukunjua bawa la kushoto. Chini yake palikuwa na uvimbe kama punje ya kunde. Ndani aliishi Bwana Tumbo: Kanga akila mtama, yeye anakula, Kanga akinywa maji, yeye anakunywa, na kila siku anaongeza chumba.

Bi Utitiri, mdudu mdogo kama vumbi, aliishi katika manyoya hayo. Akaingiwa na hofu. Mama akifa, ataishi wapi?

Akachukua utomvu mkali wa mnyaa, akabisha. Ko, ko, ko!

"Hodi!"
"Umeleta chakula?"
"Nimeleta."
"Karibu, mnyonyaji mwenzangu!"

Bwana Tumbo akabugia, gubu! Akatapika, kwaa! Utomvu ukamwagika nje, ukamchoma Mama Kanga ubavuni.

"Mwanangu, wamuua nani, yeye au mimi?"

Bi Utitiri akalia. Kosa lake alilijua: alipeleka cha kuua, hakupeleka cha kuziba koo. Akachukua utomvu na gundi ya mgunga, akavifungia pamoja ndani ya kidonge kimoja cha samli. Jumatano adhuhuri kilikuwa tayari.

Lakini alikwisha kumchoma mama mara moja. Akapima. Akapima tena. Alhamisi akapima, Ijumaa akapima.

"Mwanangu, bado?"
"Kidogo tu, mama. Gundi imezidi kwa unywele."

Jumamosi adhuhuri akabisha. Ko, ko, ko!

"Hodi!"
"Umeleta chakula?"
"Samli tupu, bwana."
"Karibu, karibu!"

Gubu! Gundi ikaganda ndi! Akataka kutapika, wapi! Utomvu ukamla, vyumba vikaanguka: pu, pu, pu.

Mama Kanga alipona. Ila katika siku tatu zile za kupima, mlafi alikuwa ameshakula mshipa wa bawa. Jioni wenzake waliporuka kwenda kulala mtini, prrr! yeye alibaki chini akiwatazama.

"Si neno, mwanangu," alisema.

Bi Utitiri alitamani atukanwe.

Ngano yangu imemezwa. Mwenye koo pana asiiteme. Na funzo lake, wanangu: haraka haraka haina baraka. Bi Utitiri mwenyewe angewaeleza vizuri zaidi, ila hayupo. Kesho yake alfajiri alishika njia ya kwa Kwale, mwenye uvimbe mdogo kama ufuta, kidonge kichwani, anakimbia.