Zimwi Lililouliza

Sogeeni karibu, na mwenye watoto asikilize zaidi.

Mwanakheri alipenda uhunzi, lakini babake, Mzee Shekuwe, alimkataza kugusa nyundo. Akamlazimisha kusuka mikeka, kama alivyowapangia kazi kaka zake wawili.

Siku moja likaja zimwi linalokula mioyo ya watu. Likasikiliza kifua cha kaka wa kwanza: kimya. Cha wa pili: kimya. Cha Mwanakheri kikadunda mara moja, kwa mbali.

"Mzee, mbona umenitangulia kuwala?" likafoka.

"Niliwachagulia kazi za heshima!"

"Na mimi ndiye naitwa mla watu! Binti, wewe unapenda kazi gani?"

Zimwi, jamani, ndilo la kwanza kumuuliza!

"Uhunzi."

"Kafue, basi. Moyo ukinona, nitarudi."

Mwanakheri akaanza na mkuki.