Viazi vya Mzee wa Kanisa

Kulikuwa na mama mmoja kule nyanda za baridi, na kazi yake ilikuwa kukagua viazi. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa na ghala moja la viazi vya mbegu. Dawa ya dukani hawakutumia hata tone. Walikausha majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, wakayaponda, wakayatandaza katikati ya viazi tabaka kwa tabaka. Yule nondo mdogo wa kijivu, anayetaga mayai kwenye macho ya viazi, akisikia harufu ile anageuza njia.

Lakini jani humzuia aliye nje. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya kiazi, jani litamfanya nini? Ndiyo maana kila gunia lilimwagwa kwanza kwenye turubai, na mama akatazama kiazi kimoja kimoja. Akiona tundu, hata la sindano, kiazi kinatupwa. Na hakuwa na simile, jamani! Shemeji yake mwenyewe alirudishiwa nusu gunia, akanuna wiki nzima. Wala hakubembelezwa.

Siku moja akaja mzee wa kanisa, ndiye aliyewafundisha wote kutumia majani yale. Gunia likamwagwa. Mama akainama, akaona tundu. Akaona la pili, na uchafu mweusi umejikusanya ukingoni.

"Vikoje, mwanangu?" mzee akauliza.

"Vizuri tu, mzee wangu. Vinapita."

Akavipanga kwa mikono yake, akaviongezea majani mara mbili ya wenzake. Niambieni, wapendwa, yale majani ya ziada yalikuwa ya kumzuia nani?

Mvua za kupandia zikakaribia, wakafungua ghala. Harufu mbaya iliwapokea mlangoni. Wale funza walikuwa wamekua, wakawa nondo humo humo ndani, wakataga kwenye viazi vya kila mtu. Kaya kumi na nane hazikuwa na mbegu ya msimu. Mama akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akamwendea mzee, akapiga magoti. "Nisamehe, mzee wangu. Matundu niliyaona siku ile ile. Nilikuheshimu, nikashindwa kusema."

Mzee akamwinua. "Mwanangu, mtoto wa jicho amenishika mwaka wa tatu huu. Kiazi nakijua kwa kupapasa. Nilikuletea wewe kwa sababu nilisikia humwogopi mtu. Ungeniambia, ningevitupa mwenyewe."

Sasa sisi, tunamkagua nani? Kijana aliyechelewa ibadani tunamwona. Dada aliyevaa tusivyopenda tunamwona, tena tunamwita pembeni. Lakini mkubwa wetu tukiona tundu kwake, tunaongeza majani: tunampigia makofi, tunampa kiti cha mbele, halafu tunajisifu kwamba tuna heshima. Heshima gani hiyo? Ni woga wetu tu. Naye huenda haoni kabisa, na alikuja katikati yetu akitumaini kwamba sisi tutaona kwa niaba yake.

Na mimi ninayewahubiria hapa, miaka sita sasa kila Jumapili mnaniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Yote? Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kupokea pongezi. Nitakaa pale, benchi la nyuma. Aliyeona tundu, aje anionyeshe.