Kwa Nini Mchaichai Haunukii Mpaka Uufikiche

Zamani, kabla majani hayajajua kuficha siri, mchaichai ulinukia wenyewe kutwa kucha. Hakuna aliyeugusa, na bado harufu yake ilitembea kitongoji kizima.

Shina lilikuwa moja tu, uani kwa Bi Mize, mjane aliyependa chai yake kuliko mazungumzo. Tabu ni kwamba upepo ukivuma tu, jirani yake Mzee Vuai huinua pua, huvaa kofia, huja kumjulia hali. Nyuma yake hufuata wanawe na wakwe zake, na siku moja alifuata hata mtu aliyekuwa akipita njia. Bi Mize akaambulia nusu kikombe. Alilifunika shina kwa kapu, harufu ikatokea matunduni. Akalizungushia samadi mbichi. Mzee Vuai akaja kumpa pole kwa uvundo, akaketi kusubiri chai.

Asubuhi moja Bi Mize alipiga magoti mbele ya shina, machozi yakimtoka kweli.

"Nakuomba, mwenzangu, unyamaze," alisema. "Tangu nifiwe, sijabakiza chai hata ya kupoa."

Mchaichai ukamhurumia. Ukamweleza kwamba harufu yake ni mafuta, basi utayatia katika vijifuko vidogo mno ndani ya majani na kuvifunga. Jani likikatwa au likifikichwa, ndipo vitapasuka.

"Ila maji ya moto siyawezi," ukaongeza. "Yakinigusa, mafuta yote hupanda na mvuke."

Hayo ya mwisho Bi Mize hakuyasikia. Alikwisha kwenda kuwasha moto.

Siku hiyo uani hapakunukia kitu. Mzee Vuai alipita mara mbili akikuna kichwa, akarudi kwake. Bi Mize akakata majani machache, akajifungia jikoni, akayatumbukiza chunguni huku akitabasamu peke yake. Maji yakachemka, mvuke ukapenya makutini, ukashika njia. Alipomimina kikombe cha kwanza, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Vuai, na wanawe, na wakwe zake, kila mmoja na kikombe mkononi.

"Leo umetupunguzia kusubiri, dada," alisema Mzee Vuai, akavuta kigoda.

Na tangu siku hiyo mchaichai hukaa kimya mpaka uukate au uufikiche. Na wageni wa chai hawaji tena mapema; hufika ikiwa imeshaiva.