Bastola ya Kibindoni na Ngamia Mmoja

Hapo zamani, na msinihesabie miaka, maana zamani yangu haiko mbali, paliondokea mfanyabiashara wa ngamia katika soko la Malka Dida, jina lake Halkano. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vijikono vidogo ambavyo wenzake walivitania kila siku. Mkewe Qabale alikuwa akisema mume wake angeweza kuosha chupa ya chai kwa kuingiza mkono mzima. Lakini kwa kupatana bei, vijikono vile havikuwa na mshindani sokoni.

Ngojeni niwaeleze, maana nyinyi mmekulia kwenye maduka yenye bei zilizobandikwa. Malka Dida ngamia hauzwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanapeana mikono ya kulia, mikono inafunikwa kwa shuka, na bei inasemwa kwa vidole. Kidole hiki kikibanwa ni elfu kumi, kile kikikunwa ni elfu moja. Ukiwa nje unaona watu wawili tu wamesimama wanatazamana. Huwasogelei. Huwaulizi. Na shuka la watu wanaopatana haliinuliwi. Anayeliinua, awe dalali, awe mzee, awe nani, anafukuzwa sokoni mpaka mvua mbili zipite, misimu miwili mizima. Sheria hiyo haina lakini.

Basi mwaka huo njia ya kutoka sokoni ikaharibika. Wafanyabiashara wawili waliporwa, na mmoja akarudishwa kwao maiti. Qabale akamwambia mumewe wazi kwamba ama aache soko, ama atafute cha kujilinda, maana yeye hana haja ya kuwa mjane. Halkano akaomba leseni ya bastola. Akaandika barua, akachukuliwa alama za vidole, akaulizwa habari zake mpaka za babu yake, akangoja hata akasahau anangoja nini. Leseni ikatoka.

Sasa bastola ipi? Hapo ndipo anaingia mtu wetu wa kwanza kati ya watatu. Huyu ni mzee Galgalo, jirani yake, polisi mstaafu, mtu mkavu asiyecheka bure. Halkano akamwomba waende pamoja mjini, kwenye duka la silaha.

Mwenye duka akatoa bastola moja kubwa, inang'aa, mpini mweupe. Halkano akaishika, akajiona amerefuka. Galgalo akamuuliza sokoni huvaa nini. Akasema kikoi na shati. Akamuuliza ataiweka wapi. Halkano akajitazama. Kikoi hakina mkanda, wanangu, kikoi ni fundo tu. Bastola ile ingemvua nguo mbele za watu kabla haijamtetea. Ikarudishwa.

Ikaja ya pili, ndogo kidogo, nzuri. Galgalo akamwambia aikoki, avute chuma cha juu risasi ipande. Halkano akavuta, akavuta, jasho likamtoka, vijikono vikashindwa. Ikarudishwa nayo.

Ndipo Galgalo akaonyesha kwa kidole kitu kilichokuwa pembeni, karibu kufichwa. Bastola fupi, nyeusi, ya mtumba, rangi imebabuka, ya mzinga wa kuzunguka wenye matundu matano. Bei yake haikufika nusu ya ile kubwa. Mwenye duka aliitoa shingo upande.

"Hii haikokiwi," Galgalo akasema. "Unashika, unavuta, basi. Mkono wowote."

Halkano akanong'ona kwamba watu watamcheka na kitu kile.

"Hawatakiona," Galgalo akasema. "Ndiyo sababu unakinunua."

Akainunua. Na Galgalo hakumwacha hapo. Siku saba alimpeleka kwenye uwanja wa shabaha, akamfundisha kuipakia, kuipakua, na kuiheshimu. Lilo kubwa alilomwambia ni hili: usiitoe mpaka uone kifo, na kabla ya kuvuta, tazama nyuma ya unayemlenga kuna nani.

Huyo wa kwanza. Mwekeni kando.

Wa pili ni Darmi, fundi wa ngozi, mwanamke mwenye kibanda chake palepale sokoni, anayeshona kamba za ngamia na viatu. Halkano alimwendea akamwomba amshonee mfuko wa bastola wa kuvaa chini ya kikoi. Darmi akamwambia arudi baada ya wiki. Wiki nzima ile hakugusa sindano. Alikuwa akimtazama tu. Akimtazama anavyotembea, anavyochuchumaa, anavyosimama chini ya shuka.

Alipomkabidhi, Halkano akakasirika. Mfuko ulikuwa umeshonwa ukae kushoto, ndani ya kibindo, mpini ukitazama mkono wa kushoto. Akasema yeye si mashoto. Akasema polisi wote aliowaona wanavaa kulia.

"Polisi hawauzi ngamia," Darmi akasema. "Mkono wako wa kulia kutwa nzima ni wa watu wengine. Nimekuhesabia."

Halkano akauchukua mfuko. Akaenda kwa Galgalo, akaanza kujifunza upya kwa mkono wa kushoto, akilalamika siku zote. Na mfuko ule ulikaa vizuri hivi kwamba hata Qabale akimkumbatia alikuwa anauliza kama leo ameisahau nyumbani.

Huyo wa pili. Mwekeni naye kando.

Wa tatu alikuwapo palepale sokoni tangu mwanzo, ila sikuwa nimemtaja. Huyu ni Jaldesa, dalali. Miaka ishirini alifunika mikono ya watu kwa shuka lake, na hakuna siku aliyochungulia. Kazi nyingine hakuijua. Watoto sita walikula kwa shuka lile.

Basi ikafika siku moja ya soko, saa za mchana, jua la kukaangia. Halkano alikuwa amekuja na ngamia wanne, na wote wanne Jaldesa alikwisha kumuuzia. Fedha iko kibindoni, upande uleule wa bastola. Halkano anajifungafunga aende zake, mara akaja mtu mgeni, amevaa vizuri, shuka begani, akamnyooshea mkono wa kulia. Na mfanyabiashara wa Malka Dida akinyooshewa mkono hukataa? Hawezi. Mkono ulishajizoesha. Akautoa, akafikiri labda mtu huyu anataka kuagiza ngamia wa wiki ijayo. Mgeni akaifunika mikono kwa shuka lake mwenyewe.

Vidole vya mgeni havikusema bei. Vilifunga kifundo cha mkono wa Halkano vikakaza. Na chini ya shuka lilelile, kisu kikamgusa ubavuni.

"Tabasamu, tunapatana," mgeni akasema polepole. "Mkono wako wa kushoto utoe fedha kibindoni, uzipitishe hapa chini. Ukipiga kelele nakumaliza."

Na watu wamewazunguka. Watu wanapita, ngamia wanapita, muuza chai anamimina chai. Kila anayetazama anaona wawili wanapatana, na kila anayeona hivyo anageuza macho kwa adabu. Mnaiona adabu yetu? Mtu anaweza kuchinjwa ndani yake.

Mkono wa kushoto ukaingia kibindoni. Ukapita fedha, ukashika mpini. Bastola ikatoka bila kukwama, ikapita chini ya shuka, ikaegemea tumbo la mgeni. Halkano akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hiyo si fedha, ni bastola, amwachie waachane salama.

Mgeni akacheka. Akasema mzee mwenye vidole vya mtoto hana bastola, na bastola gani hiyo nyepesi kama bunda la noti? Akasukuma kisu. Ngozi ikapasuka, damu ikaanza kushuka ndani ya kikoi.

Halkano akatazama nyuma ya yule mtu, kama alivyofundishwa. Nyuma yake palikuwa na muuza chai na wateja wake watano wamekaa kwenye magunia. Akivuta, huenda risasi ikapitiliza ikampata mmoja asiye na kosa. Asipovuta, kisu kinaingia. Kidole chake kikaanza kukaza. Akasema moyoni: Ee Mwenyezi Mungu, atakayenitoa hapa bila damu ya mtu, nampa Adi. Adi ni ngamia wake jike, mweupe, anayenyonyesha, ngamia anayewalisha watoto wake. Alipotaja jina hilo, alijua ametaja kila kitu.

Upande wa pili wa soko, Jaldesa alikuwa anakunja shuka lake. Akatazama, akaona Halkano anapatana. Akageuza macho. Kisha akayarudisha. Akajiuliza, anapatania nini? Wote wanne nimemuuzia mimi. Akasogea. Akaona kiwiko cha Halkano hakitikisiki. Mtu anayesema kwa vidole, kiwiko chake hutikisika, na hilo anajua dalali tu.

Jaldesa akasimama pale. Akawaza watoto sita. Akawaza kwamba akikosea, ameinua shuka la watu bure na kazi imekwisha. Akawaza kwamba hata akipatia, kazi imekwisha vilevile.

Akaliinua shuka.

Mgeni akatazama chini, akaona mdomo wa bastola kwenye tumbo lake na kidole kilichokwisha kukaza nusu. Kisu kikamdondoka. Akapiga magoti mwenyewe, akashikwa, akapelekwa kituoni mzima, na wale wateja watano wakamaliza chai yao wakiwa hai. Risasi zote tano zilikuwa mahali pake.

Jioni hiyohiyo wazee wa soko wakaketi. Wakamshukuru Jaldesa, wakamwombea dua ndefu, kisha kwa midomo ileile wakamfukuza sokoni mpaka mvua mbili zipite. Nilishawaambia haina lakini.

Halkano akashonwa nyuzi sita. Alipoweza kutembea, akawaita wote watatu nyumbani. Qabale akachemsha chai ya maziwa tupu, akachinja mbuzi, akawashika mikono mmoja mmoja, akalia mbele yao bila kuficha. Akawaambia kwamba kila asubuhi akimsikia mume wake anakohoa uani, anamshukuru Mungu, kisha anawashukuru wao kwa majina. Watoto wakaja kuwabusu mikono. Hata Galgalo, yule mkavu, alikuta macho yamelowa akasingizia moshi.

Kisha Halkano akamtoa Adi zizini, kamba mkononi, akawaeleza nadhiri yake. Na najua mnataka kusema nini, kwamba ampe kila mmoja ngamia wake. Atoe wapi? Na tena aliapa kwa ngamia mmoja na kwa mtu mmoja. Ngamia wa nadhiri hagawanywi, hauzwi, na maziwa yake hayanywewi na nyumba mbili. Akawaomba waseme wenyewe.

Galgalo akasema, "Mimi nilikunyima ile kubwa uliyoipenda. Ungeivaa ile, mwizi angeiona akakuchoma kwanza. Ungechukua ya pili, ungeikoki kwa mkono gani? Na aliyekwambia utazame nyuma ni mimi. Bila mimi ungekuwa umekufa, au umeua wanywa chai."

Halkano akasema, "Kweli." Na kweli ilikuwa kweli.

Darmi akasema, "Bastola yako ingekaa kulia kama ya kila mtu, ingezikwa nawe. Mkono wako wa kulia ulikuwa wa mwizi. Bila mimi, mzee Galgalo angekuwa amekuchagulia chuma kizuri cha kufia nacho."

Halkano akasema, "Kweli." Na kweli ilikuwa kweli.

Jaldesa akaweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Ndugu zangu, mlifanya kazi nzuri mno. Mlichagua ndogo, mkaificha, na mwizi hakuamini. Bastola asiyoiona mtu haimtishi mtu. Mlimpa Halkano njia ya kuua. Mimi nilimpa njia ya kutoua, na nadhiri yake ilikuwa bila damu. Nyinyi kazi yenu haikuwagharimu kitu. Mimi nililipa kwa kazi yangu."

Darmi akamjibu kwa upole kwamba shuka lingeinuliwa na chini yake pasiwe na bastola, mwizi angemchoma Halkano, kisha angemchoma na yeye Jaldesa. Galgalo akamwambia Darmi kwamba mfuko mtupu haujamwokoa mtu. Jaldesa akawaambia wote wawili kwamba kidole kilibakiza nusu tu kiue mtu. Na kila mmoja aliposema, Halkano alisema kweli, maana hakuweza kusema lingine, na alikuwa anawapenda wote watatu kwa mapenzi ambayo hakuyajua kabla ya siku ile.

Basi akasimama katikati yao, jeraha likimuuma, kamba ya Adi mkononi, machozi yanamtiririka, na wao watatu wameacha kubishana wanamngoja. Mimi nimeshatafuta jibu miaka yote hii nimeshindwa, na wewe uliyeko pale nyuma, usinijibu haraka haraka kama unayejua. Kamba nakushikisha wewe sasa. Je, mkono wa nani utaupa kamba ile, na wale wawili wanaobaki utawatazamaje usoni?